Buibui wa Mbita

Msomaji, katika mambo yanayomdanganya mwanadamu hakuna limdanganyalo kwa urahisi kama kitu alichokizoea. Kitu cha mbali hukiuliza jina lake, asili yake na kazi yake. Kitu cha karibu hukipita asubuhi na jioni pasipo kukiuliza neno. Mwanafunzi aweza kukutajia wanyama wa nchi za theluji ambao labda hatawaona maisha yake yote, lakini ukimwonyesha kiumbe atambaaye ukutani juu ya kitanda chake, atakujibu, "Ni mdudu tu." Neno hili "tu" ni fupi, lakini limefunika mengi. Nataka kukupa habari za kiumbe mmoja aliyefunikwa na neno hilo kwa muda mrefu.

Kiumbe huyo ni buibui. Makao yake ni kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na upande wa Uganda. Ulimwengu wa elimu ulimpokea mwaka 2003, kwa maandishi ya kurasa nne tu, katika jarida la elimu ya wanyama litolewalo mjini Warsaw, nchini Poland. Walioyaandika ni wawili: Bibi Wanda Wesołowska, mtaalamu wa buibui kutoka Poland, na Bwana Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, aliyekuwa akifanya uchunguzi wake Mbita, mji mdogo unaotazamana na kisiwa cha Rusinga. Jina walilompa ni Evarcha culicivora. Neno la kwanza ni la ukoo wake, nalo lilikuwako vitabuni tangu mwaka 1902. Neno la pili limeundwa kwa Kilatini, na maana yake ni mla mbu.

Labda utauliza: Je, watu wa Mbita hawakumwona buibui huyu kabla ya mwaka 2003? Walimwona. Alikuwa katika kuta za nyumba zao, katika mashina ya miti yao, na katika nyasi ndefu zilizoota karibu na milango yao. Mababu walimwona, na watoto walimfukuza kwa vijiti. Kwa hiyo tusemapo kwamba amegunduliwa hatusemi kwamba hakuwa ameonekana kwa macho ya watu. Tunasema kwamba hakuwa ameelezwa. Kuona na kueleza ni mambo mawili, na umbali uliopo kati yake ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alitupa kila mtu punje moja ya haragwe. Zote zilitoka katika gunia moja, na zote zilikuwa nyekundu. Alituagiza kila mtu aieleze punje yake kwa maandishi. Tulipomaliza alizikusanya punje zote, akazichanganya juu ya meza, akagawa karatasi zetu kwa wenzetu, akawaambia wazitafute punje zile kwa kufuata maneno yaliyoandikwa. Punje iliyoelezwa kuwa "nzuri, nyekundu na laini" haikupatikana, maana zote zilikuwa nzuri, nyekundu na laini. Punje iliyoelezwa kuwa na doa jeupe la ukubwa wa kichwa cha sindano, upande wa kulia wa kovu lake, ilipatikana mara moja. Siku ile nilifahamu kwamba maelezo mema si yale yanayokisifu kitu, bali ni yale yanayokitenga kitu hicho na vingine vyote vinavyofanana nacho.

Kazi ya kueleza spishi mpya ni kazi ile ile ya punje ya haragwe, isipokuwa gunia lake ni dunia nzima. Majina ya kisayansi ya buibui huanzia katika kitabu cha Carl Clerck wa Sweden kilichotoka mwaka 1757. Tangu wakati huo wataalamu wa mataifa mengi wamekuwa wakiandika, na yeyote adaiye kwamba amepata spishi mpya ni lazima ayapekue maandishi ya waliomtangulia, apate kuhakikisha kwamba buibui wake si yule aliyekwisha kupewa jina na mtu mwingine. Akisharidhika, hupima urefu wa mwili na wa miguu, huandika rangi na mistari, na huweka chini ya hadubini vile viungo vya uzazi ambavyo hutofautiana kati ya spishi na spishi, kisha huvichora kwa kalamu. Buibui wawili waweza kufanana kwa rangi na kimo kama ndugu pacha, lakini viungo hivyo vikisema kwamba hawa si jamaa, mtaalamu huamini viungo, haamini rangi. Mwisho huchagua mmoja katika buibui aliowakusanya awe kielelezo cha jina lile, naye huhifadhiwa ili mtu mwenye shaka, hata baada ya miaka mia, aweze kwenda kumtazama na kulinganisha. Huo ndio uungwana wa elimu: msemaji humwachia msikilizaji njia ya kumsahihisha.

Sasa tumtazame buibui wetu mwenyewe. Urefu wa mwili wake ni kama milimita 5, yaani hazidi punje ya mchele. Kama buibui wote, ana miguu minane, na hapo anaachana na wadudu halisi, ambao wana sita. Dume lililokomaa lina uso mwekundu. Yeye ni mmoja wa jamii kubwa ya buibui warukao, ambayo ina spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kuandikwa. Hawa hawategi nyavu wakae wakingoje bahati. Huwinda kwa macho, kama paka. Wana macho manane. Mawili ya mbele ni makubwa na huona kwa usafi wa ajabu kwa kiumbe mdogo kiasi kile, na yale mengine huwaonya juu ya kila kinachosogea pembeni na nyuma. Ukikisogeza kidole chako taratibu mbele ya buibui wa namna hii, atageuka akutazame usoni, nawe utajisikia kwamba unachunguzwa. Anapotaka kuruka husukuma majimaji ya mwili wake yaende miguuni kwa nguvu, miguu ikanyooka ghafula, naye akatupwa mbele mara nyingi ya urefu wake. Kabla ya kuruka hubandika uzi mahali alipo, ili akikosea shabaha asianguke mpaka chini. Mwindaji huyu ni hodari, lakini hauamini uhodari wake mtupu.

Hata hivyo, sifa zote hizo ni za jamii nzima. Jambo lililomfanya buibui wa Mbita awe peke yake ni chakula chake. Mwaka 2005 Bwana Jackson, pamoja na Ximena Nelson na Godfrey Sune, walitangaza kwamba buibui huyu hula damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, pamoja na damu yetu sisi, ingawa kinywa chake hakiwezi kutoboa ngozi. Hula damu kwa njia ya mbu. Humngoja mbu jike ashibe, kisha humkamata yeye na shehena yake. Msomaji, wewe unajua kwamba mbu dume hanyonyi damu. Jike ndiye anyonyaye, kwa ajili ya kukuza mayai yake. Buibui huyu naye anajua, kwa namna yake.

Walijuaje wachunguzi hao kwamba anachagua, na kwamba si bahati tu? Hapa ndipo pa kujifunza. Walichukua wadudu waliokwisha kufa, wakawapanga kwa namna wanavyokaa wanapokuwa hai, ili mwendo usiwe ndio unaomwita buibui. Wakampa nafasi ya kuchagua: huku mbu jike aliyeshiba damu, kule mbu asiye na damu au mdudu mwingine wa kimo hicho hicho. Mara nyingi alikwenda kwa mwenye damu. Kisha walimnyima macho, wakamwachia harufu peke yake, na bado aliifuata harufu ya mbu aliyeshiba. Fikiri ugumu wa uchaguzi huo katika maisha yake ya kila siku. Mtu aliyekaa kando ya ziwa lile ameona makundi ya vijidudu vya majini vinavyopaa kama moshi unaotoka katika moto, kisha vikatua katika kuta na majani kwa maelfu. Vinafanana na mbu, lakini haviumi. Katika wingi huo mbu mwenye damu ni wachache, na buibui huwatafuta hao wachache.

Watoto wa buibui huyu wana maarifa mengine. Kati ya mbu wote, anofelesi ndiye anayeeneza malaria, naye hujulikana kwa namna anavyotua: huinua sehemu ya nyuma ya mwili wake juu, na kichwa kikaelekea chini, wakati mbu wengine hukaa sambamba na ukuta. Buibui mchanga, ambaye mbu ni mkubwa kuliko yeye, akimwona aliyekaa kwa mtindo huo huzunguka njia ndefu, akaja kwa nyuma, akapita chini ya lile tumbo lililoinuliwa, akamshika kutokea hapo. Mwaka 2011 tena ilitangazwa kwamba harufu ya binadamu humvuta buibui huyu. Wachunguzi walitumia soksi zilizovaliwa, naye alizifuata kuliko soksi safi. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hii walicheka sana, na mmoja akasema kwamba bweni lao basi ni mji mkuu wa buibui. Lakini sababu yake si ya kuchekesha: palipo na mtu ndipo aendapo mbu, na aendapo mbu ndipo kilipo chakula.

Nina sababu yangu mwenyewe ya kuishika habari hii moyoni. Kwetu ni kando ya ziwa hilo hilo. Mwaka 2003, mwaka uo huo ambao buibui aliandikwa, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na malaria ilimchukua mdogo wangu wa kike kabla hajatimiza miaka minne. Sitakueleza mengi juu ya siku zile. Yatosha kusema kwamba nyumba yetu ilipungukiwa na sauti moja, na mpaka leo haijarudi.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kusoma habari za mla mbu, nilimsimulia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kama buibui huyo alikuwa katika kuta zetu, mbona mbu yule alimwacha?"

Swali hilo halikutoka katika kitabu, lakini lilistahili jibu la kweli kuliko maswali yote niliyoulizwa darasani. Nilimjibu kama nilivyofahamu. Nilimwambia kwamba buibui huyu humtaka mbu aliyekwisha kushiba. Kwa hiyo humkamata baada ya kuuma, si kabla. Aliyeumwa ameumwa. Lakini mbu anayenyonya vimelea vya malaria kutoka kwa mgonjwa hawezi kuvipeleka kwa mtu mwingine siku ile ile. Vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukua ndani ya mwili wake. Mbu aliyekamatwa leo ukutani, akiwa na damu ya mgonjwa tumboni, hatafika siku hiyo ya kumi, wala hatataga mayai. Buibui hamwokoi aliyelala chini ya ukuta ule. Kama yuko anayeokolewa, ni mtu mwingine, katika usiku mwingine.

Mama alifikiri kidogo, akasema, "Basi huyo ni mlinzi wa jirani." Akainuka, akaenda kuchomeka chandarua chini ya godoro walipolala wajukuu wake.

Alifanya vema, nami nataka uelewe hivyo usije ukaifasiri vibaya insha hii. Buibui wa Mbita si dawa ya malaria. Nchi zilizo kandokando ya ziwa bado ndizo zinazoumizwa na ugonjwa huu kuliko sehemu nyingine za Kenya, ijapokuwa buibui huyu anaishi humo. Chandarua, dawa, kupimwa mapema, na chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2019 kule Homa Bay, hizo ndizo silaha zetu. Mtu atakayekitupa chandarua chake kwa kumtegemea buibui atakuwa ameibeza elimu ile ile iliyomfundisha habari za buibui.

Kama ni hivyo, faida yake ni nini? Mwanafunzi wangu mmoja, kijana asiyependa maneno ya mapambo, aliniuliza swali hili waziwazi. "Mwalimu," alisema, "mbu yupo, malaria ipo, na buibui hajaviondoa. Jina lake limetuongezea nini?"

Nilimwambia hivi, nawe nakuambia. Kitu kisicho na jina hakiwezi kuulizwa swali. Kabla ya mwaka 2003 hakuna mtu aliyeweza kuuliza, "Evarcha culicivora hula nini?" kwa sababu hapakuwa na Evarcha culicivora katika maandishi, walikuwako "buibui wadogo wa ukutani" tu, na katika jina hilo la jumla walichanganyika wala mbu na wasiokula mbu. Jina lilipokuja, maswali yalifuata moja baada ya jingine: anakula nini, anachaguaje, anaona nini, ananusa nini, anapenda majani gani. Uchunguzi wa miaka mingi umesimama juu ya kurasa zile nne, kama nyumba isimamavyo juu ya msingi ambao mpita njia hauoni. Wala hatuwezi kujua leo jibu lipi litamfaa nani kesho. Tunajua tu kwamba lisiloulizwa halijibiwi.

Liko pia jambo la pili, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Viumbe wa nchi yetu ni wengi, na wengi katika wao wameelezwa na watu waliotoka mbali, waliovuka bahari kuja kuinama juu ya kitu tulichokuwa tukikiruka. Sisemi haya kwa kuwalaumu hao. Elimu haina mgeni wala mwenyeji, na aliyeinama ndiye aliyeona. Nasema kwa kutuhimiza. Tena tunaye wa kumfuata. Mtoto wa nchi hii, Thomas Odhiambo, aliyesoma Maseno na Makerere kabla ya kwenda Cambridge, aliona kwamba wadudu wa Afrika wanapaswa kuchunguzwa Afrika, na mwaka 1970 alianzisha kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa wadudu kijulikanacho kwa jina la ICIPE, makao yake yakiwa Nairobi. Kituo cha Mbita, ambamo buibui wetu alichunguzwa, ni tawi la ICIPE, na leo kinaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 2003, mwaka huo huo wa jina la mla mbu. Ukisoma maandishi yaliyotoka Mbita baada ya hapo utakuta majina ya Kikenya yameandikwa kando ya majina ya wageni. Mlango aliufungua, haukufungwa nyuma yake.

Basi, msomaji, usingoje hadubini. Katika ukuta wa darasa lako, katika dirisha la bweni, au katika shina la mti uliomo uani, yupo buibui mdogo arukaye. Usimshike kwa mkono, maana si kila buibui ni mpole, nawe hujamjua bado. Mfunike kwa glasi safi, na upitishe karatasi chini yake. Kisha andika. Usiandike kwamba anatisha au anapendeza. Andika urefu wake kwa milimita, rangi ya uso wake, mistari ya tumbo lake, mahali ulipomkuta, saa uliyomkuta, na alichokuwa akikifanya. Mchore, hata kama mkono wako si mwepesi kwa kuchora. Ukimaliza mrudishe ulipomtoa. Siku ya pili mpe mwenzako karatasi yako, umwambie aende akamtafute buibui huyo miongoni mwa buibui wengine wa ukuta ule. Akimpata, maelezo yako ni mema. Akirudi na watatu, akakuuliza ni yupi kati yao, usikasirike. Chukua glasi yako na rula, mrudi nyote wawili ukutani.